Wanawake wanne wa Auschwitz

Tangu jana usiku Roza Robota hajanitoka akilini. Binti wa Kiyahudi kutoka Polandi, miaka ishirini na kitu tu, mfungwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wenzake kina Ala Gertner, Regina Safirsztajn na Estusia Wajcblum walifanyishwa kazi kiwanda cha silaha. Wakaiba baruti kidogokidogo, wakaificha mwilini, ikafika kwa Roza, naye akaipitisha kwa wafungwa wanaume waliolazimishwa kuchoma maiti za waliouawa humo. Tarehe 7 Oktoba 1944 wanaume hao wakaasi!

Roza aliteswa ili aseme nani walihusika, hakuwataja wenzake. Januari 1945 wakanyongwa wote wanne hadharani. Tarehe 27 mwezi huohuo jeshi la Kisovieti likaingia kambini na kuwakomboa waliobaki. Wiki chache tu jamani! Nimelia. Hana, mdogo wake Estusia, naye alikuwa mlemle kambini. Alinusurika.