Nilivyoikomboa orodha yangu ya ndege na wanyama

Kwa miaka sita niliandika majina tu. Chozi, mbayuwayu, mwewe, tembo, popo, yangeyange. Daftari lilijaa nami nikalionea fahari, hadi siku nilipoketi kulihamishia kwenye kompyuta. Karibu nusu ya niliyoyaandika hayakuniambia kitu. Chozi yupi? Jamii ya chozi ina spishi zaidi ya 140. Popo ndio kabisa: duniani wapo wa spishi zaidi ya 1,400, na mimi nilikuwa nimeandika "popo, wengi" nikafunga daftari.

Lililoniuma zaidi ni tembo. Zamani tembo wote wa Afrika walihesabiwa kuwa spishi moja. Siku hizi wako wawili, wa savana, Loxodonta africana, na wa msituni, Loxodonta cyclotis. Mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ilianza kutathmini hali ya kila mmoja peke yake. Yangeyange afuataye ng'ombe naye amegawanywa, wa magharibi na wa mashariki. Aliyeandika mahali anaweza kurudi nyuma miaka ishirini na kujua alimwona yupi. Mimi sikuandika, ikabidi niweke alama ya kuuliza mbele ya mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu.

Nikaanza upya. Sasa naandika jina la kisayansi, tarehe na saa, mahali, idadi, nilichokiona hasa, na nilivyomtambua. Majina ya kisayansi yalinitisha mwanzoni, lakini yanaondoa utata wote. Mbayuwayu yule mwenye koo la rangi ya kutu na mkia wa panda ni Hirundo rustica, jina alilopewa na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758, na huitwa hivyo hivyo huko kaskazini anakozaliana na huku kusini anakokuja akiikimbia baridi.

Safu ya "nilivyomtambua" ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Humo naweka kwa macho, kwa sauti, kwa nyayo au kwa kinyesi. Wanyama wengi hutoka usiku, kwa hiyo mara nyingi utakachokuta asubuhi ni alama zao mchangani. Wayo wa fisi huonyesha kucha. Wa chui kwa kawaida hauonyeshi, kwani yeye huzirudisha ndani anapotembea. Walioacha nyayo tu nawaandika kwenye karatasi yao, mbali na niliowaona au kuwasikia mwenyewe. Wapo wanaowahesabu wote pamoja, na hilo halina ubaya mradi usibadili kanuni katikati ya safari.

Natumia penseli, maana wino huyeyuka mvua ikinyesha. Na naandika kabla ya kufungua kitabu cha picha. Hili nimelijifunza kwa kukosea mara nyingi: ukishaiona picha, macho huanza kukumbuka mstari wa jicho au doa la bawa ambalo ndege wako hakuwa nalo.

Kwa ndege, nakala ya pili naiweka eBird, mfumo wa mtandaoni wa kutunza orodha za ndege, ulioanzishwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Cornell pamoja na Audubon, shirika la kuhifadhi ndege la Marekani. Kabla ya kupokea orodha, unakuuliza kama umewataja ndege wote ulioweza kuwatambua. Swali hilo lilinishtua, kwa sababu nilikuwa nawaruka shomoro na kunguru nikiwaona wa kawaida mno. Sasa nawahesabu mmoja mmoja. Ukiwataja wote uliowatambua, hata asiyekuwepo siku hiyo anakuwa habari. Wanyama wenye picha nawapeleka iNaturalist, tovuti ya kuweka kumbukumbu za viumbe, ambako mahali halisi pa spishi zilizo hatarini hufichwa. Kwenye daftari langu napaandika kwa usahihi, ila ukurasa wenye kiota au njia ya kifaru simwonyeshi mtu.

Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa kufuta. Kulikuwa na bundi mmoja niliyempenda sana kwenye orodha ya zamani, kivuli kilichovuka barabara jioni, nami usiku ule ule nikampa jina. Nilisoma mstari wake mara tatu nikitafuta sababu ya kumbakiza: sauti, ukubwa, rangi ya macho. Hakukuwa na chochote. Nikampiga mstari mwembamba, jina bado linasomeka, na pembeni nikaandika "bundi, spishi haikutambuliwa". Jioni bado napita barabara hiyo taratibu, penseli mfukoni.