Utoaji mimba na kura ya urais Marekani

Ndugu zangu, anayesema "nampigia rais kura kwa sababu ya utoaji mimba tu" kwanza ajue rais ana uwezo gani hasa. Hatungi sheria za majimbo. Tangu Juni 24, 2022, Mahakama ya Juu ilipofuta uamuzi wake wa Roe wa mwaka 1973 uliolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, suala hili limerudi majimboni.

Mkono wa rais uko kwenye majaji wa shirikisho, wakiwemo wa Mahakama ya Juu. Yeye huteua, Seneti huthibitisha kwa wingi wa kawaida wa kura, na jaji hukaa maisha. Trump aliteua watatu wa Mahakama ya Juu muhula wake wa kwanza, na wote walikuwemo kati ya watano waliofuta uamuzi wa Roe. Yaani kura ya 2016 ilionekana matokeo yake 2022, miaka 6 baadaye! Rais huteua pia mkuu wa mamlaka ya dawa, inayosimamia mifepristone, kidonge cha kutoa mimba.

Sasa tazameni Missouri, Novemba 2024. Kwenye karatasi moja ya kura watu walipitisha Marekebisho ya 3 ya katiba ya jimbo yanayolinda haki ya kutoa mimba, na hapo hapo wakampa Trump ushindi. Florida waliounga mkono pendekezo kama hilo walifika asilimia 57, wakakwama, maana katiba yao inadai 60.

Mimi naona kigezo hiki peke yake hakitoshi kumchagua rais. Lakini anayekifuata asiishie kwa rais, juu kabisa ya karatasi ya kura. Ashuke hadi kwa seneta, gavana, wabunge na majaji wa jimbo, sehemu ambayo wengi huiacha wazi.