Nimemaliza New York kwa saa 5 na dakika 48

Mimi ni mkimbiaji wa polepole, niliyejizoeza kwenye barabara ya kutoka Mtwara mjini kwenda Mikindani, baada ya swala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali. Ndiyo maana nashukuru sana kwamba Jumapili ya kwanza ya Novemba nilimaliza kilomita 42.195 za New York, mbio ambazo Juma Ikangaa wetu alishinda mwaka 1989 kwa saa 2 na dakika 8.

Sitalisahau daraja la Queensboro. Hapo hapana watazamaji, na baada ya shangwe za Brooklyn ukimya ulinishtua: nilisikia nyayo na pumzi za watu tu. Msuli wa mguu wa kulia ulikaza, nikashika ukingo, na mama mmoja wa makamo, nisiyemjua kabisa, akanimegea nusu ya ndizi yake na kutembea nami mpaka mteremko ulipoanza. (Natamani ningeliuliza jina lake.) Niliingia Central Park jua likiwa limeshazama, na bado watu walisimama kwenye baridi wakitupigia makofi sisi wa nyuma.

Medali nimemletea mama, Shangani. Ameitundika ukutani, karibu na picha ya marehemu baba.