Boya jekundu la pale Mama Ngina

Jana jioni nilikuwa na ami yangu pale Mama Ngina, huku kwetu Mombasa, na mihogo yangu ya kukaanga, pilipili na ndimu juu, nikitazama meli ya makontena ikiingia, wallahi mtu hachoki na hii kitu. Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi, ndo alinifunza kusoma maboya, yale yanayoelea baharini kuonyesha meli njia. Huku kwetu ukitoka bahari kuu kuingia bandarini, jekundu unaliweka kushoto na la kijani kulia, basi. Ukitoka ni kinyume, na hapo ndo wageni huchanganyikiwa. Tena ujue Marekani wamepindua, jekundu kwao liko kulia, sasa sijui nani aliwatuma!

Kwa hivyo meli ikija bandari ya Kilindini, upande wa Likoni ni mekundu na huku kwetu kwa mibuyu na mnara wa taa wa Ras Serani ni ya kijani. Ikishapita hapo iko feri mbele, zile zinakatiza kama mwewe. Lakini jahazi la kwenda Bandari ya Kale linashika njia nyingine, linaiacha Fort Jesus kushoto, na hiyo ngome Wareno waliianza 1593 so manahodha wameitazamia miaka mingi kabla ya boya lolote la chuma.

Lile boya jekundu la jana, la ng'ambo, lilikuwa limelala upande, maji kupwa yanavuta kwa nguvu, juu yake ndege watatu wametulia tu, na kinyesi cheupe kimefunika nusu ya rangi. Nikamuuliza ami, sasa hili ni jekundu ama jeupe? Akacheka akanimalizia mihogo.