Kukata kanda za baba

Baba na kile kitufe chekundu cha kamera hawakuwahi kuelewana. Akidhani anarekodi, kamera imesimama. Akidhani ameizima, ndiyo kwanza inaanza kufanya kazi. Kwa hiyo kwenye kanda zake za Hi8 na MiniDV, zile kaseti ndogo za kamera za zamani za mkononi, keki inakatwa bila kurekodiwa, halafu zinafuata dakika nyingi za viatu vyake, nyasi, mlango wa gari, na kifuniko cha lenzi kinachoning'inia na kugongagonga mwili wa kamera.

Kanda zote zimeshaingia kwenye kompyuta. Iliyobaki ni kazi ya kuondoa visivyotakiwa, na hii nimeikuta inataka maamuzi mengi kuliko ufundi, ingawa ufundi nao una mitego yake.

Kabla ya kukata chochote nina faili mama, yaani kanda nzima kama ilivyotoka kwenye kamera, na hiyo haiguswi hata kama ina nusu saa ya giza tupu. MiniDV nimeziacha katika DV, muundo uleule wa kidijitali uliokuwa kwenye mkanda, ambayo hula takriban gigabaiti 13 kwa saa moja. Hi8, ambazo ni za analogi, nilizihifadhi kwa kodeki (njia ya kubana video) ya FFV1 kwa sababu inabana bila kupoteza kitu. Nakala zake ziko kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Kwa kuwa faili mama ipo, nakala ya kutazamwa naweza kuikata kwa moyo mkunjufu, na ndugu zangu wanaitazama hadi mwisho badala ya kuachia njiani.

Rahisi kuliko yote ni mwanzo na mwisho wa kanda: chenga, skrini ya bluu, mkanda unaosonga bila kitu juu yake. Hapo natumia ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri. Kichujio chake cha blackdetect kinaorodhesha sehemu za giza, na freezedetect kinakamata picha iliyoganda, ambayo mara nyingi ndiyo ile bluu. Orodha inatoka na muda wa kila sehemu, lakini sikati kabla ya kuangalia kwa macho. Kwenye sherehe moja ya kuzaliwa, zile sekunde ambazo taa zimezimwa, watu wananong'ona na mishumaa haijaingia chumbani, ziliorodheshwa pamoja na giza la kutupwa. Ukizikata hizo, shangwe inayofuata haina chanzo.

Halafu kuna viatu. Hapa ndipo nimekaa muda mrefu, na hapa ndipo sikubaliani na wanaokata kwa kuangalia vijipicha vidogo kwenye programu ya kuhariri. Kipande kimoja, ukikiangalia, ni changarawe na ncha ya kiatu cha kahawia. Ukikisikiliza, mama anauliza, "Umezima?" Baba anajibu, "Nimezima." Baada ya hapo wanapanga nani ambebe bibi hadi kwenye gari, na bibi anadakia kutoka mbali: "Nani abebwe? Miguu ninayo." Kisha anacheka kile kicheko chake cha kukatika katikati. Katika kanda zote tulizo nazo, kwingine kote bibi anajua anarekodiwa, naye akijua hivyo alikuwa ananyoosha mgongo na kunyamaza. Viatu nimeviacha.

Tangu hapo, kipande chochote kinachoonekana hakina maana nakisikiliza kwanza kwa spika za masikioni, skrini nikiwa nimeipa mgongo. Kama ni upepo na hatua tupu, kinaondoka. Kama kuna mtu anaongea, kinabaki, au nachukua sauti yake na kuilaza juu ya picha iliyotangulia.

Sasa ufundi. Programu nyingi za kuhariri zikishakata hubana faili yote upya, hata sehemu ambazo hukuzigusa. Picha ya Hi8 ina chembechembe tangu ilipozaliwa, na kila inapobanwa upya nyuso zinazidi kuwa na ukungu. Ndiyo maana nakata kwa kunakili mkondo ulivyo, ama kwa ffmpeg na amri ya -c copy, ama kwa programu ya LosslessCut nikitaka kuona picha na kubofya. Kwa DV hilo halina shida, maana kila fremu, yaani kila picha moja moja ya video, imehifadhiwa ikiwa kamili na inajitegemea. Unakata popote kati ya fremu 25 za kila sekunde. Tena DV hubeba ndani yake tarehe na saa ya kurekodi, kwa hiyo zipo programu zinazoweza kuigawa kanda zenyewe pale kamera ilipozimwa na kuwashwa.

Kasheshe iko kwenye faili za MP4 zilizobanwa kwa kodeki ya H.264, na wengi waliopeleka kanda zao kwa mafundi wamerudishiwa faili za aina hiyo. Humo fremu kamili ni chache. Nyingine zinahifadhi tofauti tu kati yake na jirani zake. Kisimbaji cha x264, yaani programu inayobana video kwenda H.264, kisipoelekezwa vingine, kinaweza kuacha hadi fremu 250 kati ya fremu kamili moja na inayofuata, yaani sekunde 10 kwa video ya fremu 25. Ukikata kwa kunakili, kipande chako hakiwezi kuanza popote. Programu inarudi nyuma hadi fremu kamili iliyotangulia na kuanzia hapo.

Mara nyingi sekunde za ziada si neno. Lakini kuna kipande ambacho shangazi yangu na mdogo wake wanarushiana maneno mazito mbele ya watu, na shangazi aliniomba kwa sauti ya chini kiondolewe. Kwa faili kama hiyo, ukikata kwa kunakili, maneno yaleyale unayotaka kuyaondoa yanaweza kuwa bado yamo. Tena wakati mwingine huyaoni: faili inabeba maelekezo kwamba kichezaji kianze mbele kidogo, kichezaji kimoja kinatii, kingine kinapuuza na kuonyesha kila kitu. Kwa vipande vya namna hiyo nakata kwenye faili mama kwanza, ndipo nabana kwenda H.264, mara moja tu. Asiye na faili mama ni bora akibane upya kipande hicho kimoja, na akubali kupoteza ubora kidogo, kuliko kumvunjia mtu ahadi.

Nilimuuliza shangazi kama anataka kifutwe hata kwenye faili mama. Alifikiri, akasema kibaki lakini kisizunguke. Uamuzi ulikuwa wake na nimeuheshimu. Picha za watoto wakioga sikumuuliza mtu. Zimetoka kwenye kila nakala ya kugawa, kwa sababu video ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp hakuna anayejua itaishia simu ya nani. Hao watoto leo ni watu wazima wenye kazi zao, na mmoja wao ni mimi.

Jambo la mwisho ni viungo, yaani pale kipande kimoja kinapoungana na kingine. Picha ikikatwa ghafla jicho linasamehe, sikio halisamehi: upepo unanguruma, mara kimya, mara muziki. Kwenye nakala ya kutazamwa nafifisha sauti kwa sehemu ndogo ya sekunde kila upande wa kiungo, na nikiweza naacha mtu amalize pumzi yake kabla sijakata. Kwa kuwa sauti ni nyepesi kuliko picha, kuibana upya peke yake hakuniumizi kichwa.

Pembeni ya kila video naweka faili ya maandishi yenye jina lilelile: kipande kilichotoka, kinaanza na kuishia saa ngapi kwenye faili mama, na sababu. "Chenga." "Ndani ya begi, hakuna sauti." "Ameomba shangazi." Mdogo wangu ameshaitumia kurudisha kipande nilichokiona ni cha kutupwa, dirisha la gari na mvua kwa dakika nne. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma siku ile, na ananiambia anaikumbuka safari yenyewe. Nimekirudisha, na mstari wake nimeufuta.