Raptor 700, YFZ450R ama Honda 250X: ipi ya mchanga wetu?

Kila nikiweka picha ya kwadi, hizi pikipiki za magurudumu manne, swali ni lile lile, "kaka hiyo yaenda ngapi?" Hakuna hata mmoja aniulizaye yaenda wapi. Na mimi nshazibeba hizi mashine kwa kanta, nshazifungua na kuzifunga, nshazichimbua mchangani kwa mikono, na nawaambia spidi ndo kitu cha mwisho kuangalia. Angalia kwanza ardhi utakayopita, alafu mtu atakayekaa juu.

Naandika leo kwa sababu ya binamu yangu alioko Muscat. Ataka kununua moja huko ailete nyumbani, na wiki mzima tumebishana kwa simu. Yeye roho yake iko kwa YFZ450R ya Yamaha, kaona video za motokrosi, zile mbio za uwanja wa matuta, basi hasikii haambiliki. Mimi nasema Raptor 700, ya Yamaha pia. Sasa badala ya kumtumia voisi za dakika kumi kumi nimeona niandike yote hapa, na wengine mnaouliza mpate jibu pia.

Tuelewane kwanza, nazungumzia kwadi za spoti, si zile za kazi za fobaifo zenye kerea mbele na nyuma. Ya spoti yasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, gia wabadilisha mwenyewe kwa mguu, shoki ndefu, imekaa chini, na ekseli ya nyuma ni chuma kimoja hakina difu, kwa hivyo tairi mbili za nyuma zazunguka sawa sawa kila wakati. Ndo maana haikati kona kwa usukani peke yake, lazima uhamishe mwili, uegemee ndani, nyuma iteleze kidogo ndo igeuke. Mtu alozoea bodaboda akipanda mara ya kwanza huketi wima akangoja mashine ilale, na hii hailali, yamtupa nje ya kona. Nimeona mara nyingi sana.

Haya, Raptor 700R ilitoka 2006 ikachukua nafasi ya Raptor 660R. Injini ya cc 686, pistoni moja kubwa, yapozwa kwa maji, ina injeksheni, gia 5 na revasi. YFZ450R ilikuja 2009, cc 449, pistoni moja pia lakini juu ina valvu 5 za titani, gia 5, revasi hakuna. Upana Raptor ni kama milimita 1170, YFZ ni kama 1240. Hizo sentimita 7 ukizisoma kwa karatasi waona si kitu, lakini kwa kona ni tofauti ya kulala na kusimama.

Nguvu zake nazo haziji sawa. Raptor yavuta kutoka chini kabisa, wasukuma aksileta kidogo kwa kidole gumba nayo yaondoka tu, haijali uko gia ya 2 ama ya 3. YFZ nguvu zake ziko juu, yataka injini ilie, ikishuka chini yakuwa nzito na lazima urudishe gia upesi. Kwa ardhi ngumu hiyo ni raha tupu. Kwa mchanga laini ni mtihani, maana mchanga wakula mwendo wako kila sekunde, ukishika klachi tu ubadilishe gia tayari ushazama.

Hili nlilithibitisha Mambrui, kule kwenye matuta ya mchanga kupita Malindi. Ilikuwa kaskazi, mchanga mkavu kama unga, tulipeleka mashine tatu, Raptor, YFZ na Honda 250X ya dadangu. Rafiki yangu alokuwa na YFZ, kijana mwepesi na aendesha vizuri kunishinda, kaingia tuta kwa gia ya 3, kafika karibu na kilele injini ikaanza kushuka, kushika klachi arudi gia ya 2 nyuma ikakaa. Yaani ilikaa hadi ekseli haionekani, pua yaangalia mbinguni. Kila akiongeza mafuta yachimba zaidi, na revasi hakuna. Mimi na Raptor nlikuwa nshakwama pahali pale pale dakika tano kabla, nkaweka revasi, nkateremka kwa alama zangu mwenyewe, nkaanza upya nkapita.

Tukashuka watu wanne kuivuta ile YFZ. Mchanga wachoma, silensa yachoma, mmoja wetu aliungua muundi wa mguu licha ya suruali. Tukaivuta mbele, haiendi. Kapita mzee na punda wake wa maji, tukamwamkia, kaitikia kisha kasimama kututazama kitambo. Kisha katuambia, "Wanangu, mwaipandisha mlima kwani? Igeuzeni pua iangalie chini." Tukainua mbele, tukaizungusha kidogo kidogo hadi ikaelekea bondeni, kijana akapanda akatia gia ya kwanza, ikatoka yenyewe kama hakujakuwa na kitu. Nusu saa nzima tulikuwa twapigana na mteremko.

Kwa hivyo binamu yangu akiniambia "Raptor ni ya wazee" mimi humwambia aangalie Dakar, zile mbio ndefu za jangwani. 2009 kwadi zilipopewa orodha yao wenyewe ya matokeo, alieshinda ni Josef Macháček wa Ucheki na alikuwa juu ya Raptor 700. Kisha wakaja ndugu wawili wa Argentina, Marcos na Alejandro Patronelli, wakabadilishana ushindi kuanzia 2010 hadi 2013, na Ignacio Casale wa Chile akachukua 2014, 2018 na 2020. Wote Raptor. Mchanga, mawe, siku nyingi mfululizo, na mashine asili yake ni ile ile unayoweza kuinunua ukaileta Mombasa. Dakar ya 2024 ndo ilikuwa ya mwisho kuwa na kwadi, na iliniuma sana, maana pale ndo ilikuwa shule yangu.

Lakini YFZ nisiidhulumu. Kule Mariakani, ndani kidogo, kuna uwanja wa udongo mwekundu mgumu ambao mwenyewe hutukubalia, twapanga tairi kuukuu kuwa kona na twazunguka. Pale yule kijana na YFZ yake alinipita kila kona, kila kona wallahi. Ule upana waifanya itulie ikiteleza, shoki zake zameza matuta mafupi mafupi bila kukurusha, na ukiruka yatua bila kuyumba. Raptor pale yaegemea, waiona kabisa tairi ya ndani yataka kupanda juu. Si bure kwamba Chad Wienen amechukua ubingwa wa motokrosi ya kwadi Marekani mara kadhaa na YFZ450R, ile mashine ilizaliwa kwa kazi hiyo. Kama una uwanja, una mwili mwepesi, una nidhamu ya kubadilisha oili mapema na kupimisha valvu kwa wakati wake, chukua YFZ na usinisikilize mimi. Swali langu kwa binamu ni, uwanja uko wapi? Huku kwetu kuendesha ni kutoka pahali kwenda pahali, mchanga kidogo, udongo kidogo, njia ya ng'ombe, mawe, kisha mchanga tena.

Mawe ndo mengine. Ukitoka Mtwapa kwenda juu kwa Vipingo na Kilifi chini ya majani ni matumbawe, yakata tairi kama wembe. Tairi za spoti zajazwa upepo kidogo sana, psi 4 ama 5 hivi, wakati gari la kawaida ni 30 na kitu, kwa hivyo tairi hukunjika na rimu hugonga jiwe. Huko nenda polepole, simama kwa miguu usiketi, na beba vifaa vya kuzibia pancha na pampu. Hakuna kwadi ya kukuokoa na matumbawe.

Sasa mtu. Dadangu alianza na Honda TRX250X na mpaka leo nasema ndo mashine bora ya kuanzia, hata kwa mwanamume mwenye misuli. Ni cc 229, haina fujo, gia 5 na revasi, na klachi yake waweza kuitumia kwa mkono ama ukaiacha ijifanyie yenyewe wakati wabadilisha gia. Halafu kitu ambacho watu hawakioni, haina cheni, nguvu zaenda nyuma kwa shafti. Kwa mtu wa pwani hiyo ni neema, maana mchanga na chumvi cheni havipatani. Kule Mambrui yeye hakukwama hata mara moja. Alikuwa apanda matuta madogo, aenda kwa utulivu, ajifunza kuegemea, na jioni ndo yeye peke yake hakuwa na maumivu. Baada ya mwaka akataka kitu kikubwa, nkamwambia atafute Honda ya 400, zile TRX400EX zilizoanza 1999, baadaye zikaitwa 400X. Zapozwa kwa upepo, kabureta, cc 397, fundi yeyote alozoea pikipiki aielewa. Kama wanunua kuukuu angalia iwe ya 2005 kuja juu, hapo ndo wakatia revasi.

Wale wa Banshee, ile kwadi ya zamani ya Yamaha, najua mtaniandikia. Nzuri, pistoni mbili tustroki cc 347, sauti yake yaingia mwilini, lakini ni mashine ya kupendwa na mtu ambaye ana kwadi nyingine ya kuendesha.

Mtu mzito, mrefu, alozoea pikipiki kubwa, Raptor yamfaa kwa sababu nafasi ya kukaa ni pana na injini haihisi uzito. Lakini Raptor si ya mwanafunzi, jamani. Yapata kilo 190 na ikikugeukia kwa tuta yakuangukia. Kuna kijana mwengine akaazima Raptor ya mtu siku ya Idi, hajawahi kupanda hata ya 250, katia mafuta kwa gia ya kwanza ikasimama kwa miguu ya nyuma ikamlalia. Alivunjika bega. Hakuwa na helmeti, Mungu alimhurumia tu kwamba ulikuwa mchanga.

Na watoto. Nimemuona baba ampakia mtoto wa darasa la nne mbele yake juu ya 450, ati amfundisha. Kibandiko kiko pale pale kwa madigadi, kimeandikwa miaka 16 na zaidi, na abiria haruhusiwi. Hizi mashine zimeundwa mwendeshaji ahame mbele na nyuma kwenye kiti, ukiweka mtu wa pili hakuna pa kuhamia. Yamaha wana YFZ50 ya watoto kuanzia miaka 6, na walikuwa na Raptor 90 ya kuanzia 10. Kama hela za kununua hiyo ndogo hazipo basi mtoto angoje, sina lugha laini kwa hili.

Ufuoni nako naomba muelewe, pale juu ya alama ya maji ya bamvua ndo kasa hutaga, tairi ikipita juu mayai yaisha. Mimi ufuoni sipiti kabisa siku hizi. Na hata bila kasa, maji ya bahari yaua kwadi kuliko ajali. Yangu ya kwanza nliipoteza hivyo. Nlikuwa najivunia nairusha maji Shanzu kila wikendi, kisha naiosha nyumbani vizuri kwa maji ya kisima, nasugua hadi yang'aa. Miezi sita beringi za nyuma zalia, soketi za nyaya zimekuwa kijani, boliti za mikono ya mbele hazitoki hata kwa moto. Fundi mmoja kachukua kikombe cha yale maji ya kisima kaniambia onja. Chumvi! Nlikuwa naosha chumvi kwa chumvi. Tangu siku hiyo nanunua mitungi minne ya maji matamu kila nikitoka kuendesha, namwaga taratibu bila presha kwa beringi, naacha ikauke kivulini, kisha grisi kila penye chuchu ya grisi na oili kwa cheni ingali na joto.

Sasa binamu, kama umesoma hadi hapa, kabla hujatoa riali hata moja fanya hivi. Inua mbele, shika gurudumu juu na chini ulitikise, likicheza uliza bei ya boli jointi. Inua nyuma, fanya vivyo hivyo kwa ekseli. Kisha ng'oa kiti, toa ea klina, uingize kidole ndani ya ule mpira uendao kwa injini, kule nyuma ya filta ambako mchanga haufai kufika, ukifute pole pole ukizunguka. Kitoe ukitazame kwenye jua. Kama kimetoka na chembe hata mbili, mrudishie mwenyewe ufunguo, iwe Raptor, iwe YFZ.