Theluthi Moja ya Mshahara

Mwezi Oktoba mwaka 2016, mwenye nyumba wetu wa Mbagala, Dar es Salaam, alitujia jioni, akakataa hata chai, akatueleza kwamba kuanzia Januari pango lingepanda kutoka shilingi 200,000 hadi 250,000 kwa mwezi, na kwamba alihitaji la mwaka mzima kwa mkupuo. Hakusema kwa ukali. Alipoondoka, binti yetu, aliyekuwa ameshabadilisha shule mara mbili kwa sababu ya kuhama, aliuliza tu: "Mama, hapa nako tunatoka lini?" Sikuwa na la kumjibu.

Mimi ni muuguzi na mume wangu ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka saba ya ndoa tulikuwa tumedunduliza shilingi milioni 17 kwenye SACCOS kwa ajili ya nyumba. Jumamosi iliyofuata tulivuka Daraja la Nyerere, lililokuwa limefunguliwa Aprili mwaka huohuo, tukaenda Kigamboni kutazama nyumba mpya za vyumba vitatu. Jikoni nilifungua bomba ambalo lilikuwa bado halijaunganishwa maji, nikalifunga, nikalifungua tena, na nakiri kwamba wakati huo nilikuwa nimeshapanga mahali pa kuweka mitungi. Bei iliyoandikwa ilikuwa milioni 65. Tulipokuwa tunaaga ndipo tukaambiwa kwamba bado haijaongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, yaani milioni 11.7 nyingine.

Akiba yetu ingetosha malipo ya awali, na milioni 60 zilizobaki tungekopa benki. Ofisa mikopo, kijana mwenye adabu sana, alitutolea jedwali la marejesho: kwa riba ya asilimia 18 na muda wa miaka 15, tungelipa takribani shilingi 966,000 kila mwezi. Mishahara yetu miwili, baada ya makato, ilikuwa 1,450,000. Alibonyeza kikokotoo, akatabasamu. "Mnabakiwa na theluthi moja kamili, dada. Mnakopesheka." Kwa hesabu yake, theluthi hiyo ndiyo kiwango ambacho mshahara wetu haukuruhusiwa kukatwa ukashuka chini yake, naye aliitaja kama habari njema.

Usiku ule, watoto walipolala, mume wangu alifungua daftari la hesabu na tukaanza kuigawa ile theluthi, ambayo ilikuwa shilingi 484,000: unga, mchele, mkaa, umeme wa LUKU, nauli zetu wanne, ada, dawa za presha za mama mkwe tunazomtumia Njombe. Tulipofika kwenye nauli, zilikuwa zimebaki shilingi 90,000, na ada ilikuwa bado haijaandikwa. Mume wangu akasema labda tuombe miaka 20. Tukapiga hesabu upya, rejesho likashuka hadi karibu 926,000 tu, lakini jumla ya malipo ikatoka milioni 174 ikafika milioni 222. Ahueni ya shilingi 40,000 kwa mwezi tungeinunua kwa milioni 48. Nilimwomba arudie, nikidhani amekosea sifuri. Hakuwa amekosea.

Simlaumu yule kijana. Benki inayoweza kuikopesha serikali kwa riba nzuri na kulala usingizi haina sababu ya kumkopesha muuguzi kwa riba ndogo. Kilichonitia hofu kuliko deni lenyewe ni kufikiria mwezi mmoja wa ugonjwa, mmoja tu, na nyumba ile ikiwa dhamana. Wodini nimewaona wazazi wakiuza vitu kwa siku moja, na mimi nisingekuwa na cha kuuza isipokuwa paa la wanangu.

"Mke wangu, unaitaka sana ile nyumba," alisema. Nikamwambia naitaka, na kwamba sitasaini. Nililia kidogo, naye akaniacha nilie.

Jumatatu tulirudisha fomu zikiwa tupu, na mwisho wa wiki tukatoa milioni 3 kwenye akiba, tukamlipa mwenye nyumba pango la mwaka. Zikabaki milioni 14. Nilipotoka zamu ya usiku nilimkuta mume wangu mezani na daftari lilelile. Alikuwa amefunua ukurasa mpya na kuandika juu yake, kwa mwandiko wake wa ubaoni: Kiwanja kilichopimwa, Chanika.